Mfuko wa chakula uliogoma baada ya upasuaji wa kongosho: uchambuzi wa kisa kimoja

Kisa hiki ni cha madaktari wa wodini, wauguzi na wanafunzi wanaowahudumia wagonjwa waliotoka kukatwa kichwa cha kongosho. Mambo yanayoweza kumtambulisha mgonjwa yameondolewa au kubadilishwa. Nimekichagua kwa sababu mgonjwa alipoanza kutapika, siku tatu zilipita mfuko wake wa chakula ukitibiwa, na ugonjwa wenyewe ulikuwa nyuma ya mfuko huo.

Historia ya mgonjwa

Mwanamume wa miaka ya sitini na kidogo, mkulima, alifika hospitali ya rufaa akiwa na macho ya njano kwa wiki sita, mwasho wa mwili mzima, mkojo wa rangi ya chai na kinyesi cheupe. Alikuwa na kisukari cha miaka mingi, akitumia metformini. Uzito ulikuwa umeshuka kutoka kilo 71 hadi 60, yaani zaidi ya asilimia 15 ya mwili wake. Bilirubini, rangi ya nyongo inayoleta manjano, ilikuwa 290 µmol/L, albumini, protini ya damu, 29 g/L, na HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari wa miezi michache, asilimia 8.9.

Picha ya CT ilionyesha uvimbe mdogo pale mrija wa nyongo unapofungukia kwenye duodeni, sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba. Hakukuwa na dalili kwamba ugonjwa umesambaa kwenye ini au mapafu. Mrija wa kongosho haukuwa umepanuka. Kwenye ripoti jambo hilo lilisomwa kama habari njema, lakini kwa mpasuaji mrija mwembamba ni onyo. Kongosho ambalo halijazibwa kwa muda mrefu hubaki laini, na kongosho laini halishiki nyuzi vizuri.

Wiki za kusubiri

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuhusu manjano. Jaribio la Uholanzi lililochapishwa mwaka 2010 lilionyesha kwamba kuweka stenti, kijibomba cha kuacha njia ya nyongo wazi, kwa kila mgonjwa kabla ya upasuaji kunaongeza madhara makubwa: asilimia 74 kwa waliowekewa, dhidi ya 39 kwa waliopelekwa moja kwa moja kupasuliwa. Hata hivyo jaribio hilo lilihusu wagonjwa wenye bilirubini kati ya 40 na 250. Huyu alikuwa juu ya hapo, amekonda, na nafasi ya upasuaji haikuwa ya wiki ile. Stenti ya plastiki iliwekwa kwa endoskopi, na kwa mazingira yale naona uamuzi ulikuwa sahihi.

Siku kumi baadaye alipata homa na kutetemeka. Stenti ilikuwa imeziba na njia ya nyongo imeingia bakteria. Ilibadilishwa, akapewa antibayotiki, na upasuaji ukasogezwa mbele. Wakati wa kusubiri, mtaalamu wa lishe alikaa na mke wake wakapanga milo ya nyumbani: mayai, maziwa, dagaa, uji wenye karanga, milo midogo mara sita kwa siku. Alianzishiwa insulini. Alipoingia chumba cha upasuaji alikuwa na kilo 62 na bilirubini 48.

Hadi hapo, kabla kisu hakijagusa ngozi, mgonjwa alikuwa tayari na mambo matatu yanayohusishwa na mfuko wa chakula kuchelewa kumwaga: kisukari cha muda mrefu, utapiamlo, na maambukizi ya njia ya nyongo. Yote yalikuwa kwenye faili, kila moja kwenye ukurasa wake. Hakuna aliyeyaandika pamoja mahali pamoja.

Upasuaji

Alifanyiwa upasuaji wa Whipple wa aina inayobakiza pailori, ile misuli ya mlango wa kutokea wa mfuko wa chakula. Kichwa cha kongosho, karibu duodeni yote, mfuko wa nyongo na sehemu ya chini ya mrija wa nyongo vilitolewa. Utumbo mwembamba uliunganishwa na kongosho, kisha na mrija wa nyongo, kisha na kipande kifupi cha duodeni kilichobaki chini ya mfuko wa chakula. Maungio haya ya mwisho yalipitishwa mbele ya utumbo mpana.

Kazi ilichukua saa saba. Damu iliyopotea ilikuwa kama mililita 900. Kongosho lilikuwa laini na mrija wake milimita 2. Sampuli ya nyongo ilipelekwa maabara kuoteshwa. Dreni mbili, mipira ya kutoa majimaji tumboni, ziliachwa, moja kulia na moja kushoto.

Kuna kipimo cha pointi kilichochapishwa mwaka 2013 cha kukadiria hatari ya kongosho kuvuja. Kinahitaji vitu vinne tu, na vyote vinajulikana kabla mgonjwa hajafungwa. Kwa mgonjwa huyu: kongosho laini, pointi 2, uvimbe usio saratani ya kongosho lenyewe wala kongosho lililovimba kwa muda mrefu bila saratani, pointi 1, mrija wa milimita 2, pointi 3, damu kati ya mililita 701 na 1,000, pointi 2. Jumla 8 kati ya 10. Kuanzia 7 ni hatari kubwa. Hesabu hiyo inachukua nusu dakika, lakini haikuandikwa kwenye ripoti ya upasuaji. Timu ya wodini ilimpokea kama mgonjwa wa Whipple wa kawaida.

Pale mezani kulikuwa na mjadala: je, upitishwe mpira mwembamba wa kulishia, kutoka puani hadi ng'ambo ya maungio, ili awe na njia ya chakula hata mfuko ukigoma? Miongozo ya kupona haraka baada ya upasuaji haipendekezi mpira huo kwa kila mtu. Inataka mgonjwa ale mwenyewe mapema kadiri anavyoweza. Mwongozo ulifuatwa na mpira haukuwekwa.

Siku kwa siku

Siku mbili za kwanza zilikuwa tulivu. Siku ya tatu amilesi, kimeng'enya cha kongosho, kwenye dreni ya kulia ilikuwa 1,150, zaidi ya mara kumi ya kiwango cha juu cha kawaida cha damu katika maabara ile. Ya kushoto ilikuwa 140. Hakuwa na homa. Kwa vigezo vya ISGPS, kundi la kimataifa la wapasuaji wa kongosho, kiwango kinachozidi mara tatu bila mgonjwa kuathirika huitwa kuvuja kwa kimaabara tu, na hakihitaji tiba. CRP, kipimo cha damu kinachopanda mwili ukiwa na maambukizi au uvimbe, ilikuwa 190. Mpira wa puani wa kutolea majimaji ya mfuko wa chakula ulitolewa siku hiyo.

Siku ya nne alikunywa maji na chai ya rangi. Siku ya tano alikunywa uji mwepesi na CRP ikashuka hadi 140. Dreni ya kushoto, iliyokuwa ikitoa chini ya mililita 50, iliondolewa.

Siku ya sita, mwisho wa wiki, alitapika. Kilichotoka kilikuwa na uji wa jana yake. Mpira wa puani ulirudishwa na mara moja ukatoa lita 1.8. Daktari wa zamu aliandika kwamba mfuko wa chakula umechelewa kumwaga, na kwa ufafanuzi wa ISGPS wa mwaka 2007 alikuwa sahihi: mpira kurudishwa baada ya siku ya tatu ni daraja A. Ukirudishwa baada ya siku ya saba, au mgonjwa akiwa hajaweza chakula kigumu kufikia siku ya 14, ni B. Ukirudishwa baada ya siku ya 14, au akiwa hajaweza kufikia siku ya 21, ni C.

Akaanzishiwa metoklopramidi, dawa ya kuusukuma mfuko wa chakula, na maji ya mshipa. Siku ya saba vipimo vilirudi: potasiamu 2.9, sukari ikipanda hadi 18 mmol/L. Alikuwa pia akipewa pethidini, dawa kali ya maumivu, kila alipoomba. Timu ilirekebisha vitu hivyo vyote: potasiamu na magnesiamu kwenye maji ya chumvi, insulini kwa mpangilio, parasetamoli badala ya pethidini. Upungufu wa potasiamu, sukari ya juu na pethidini, kila kimoja hulegeza misuli ya mfuko wa chakula au huufunga mlango wake, kwa hiyo kuvirekebisha kulikuwa lazima. Potasiamu ilifika 4.1. Sukari ikakaa chini ya 10. Mpira uliendelea kutoa lita moja na nusu kwa siku.

Raundi ya siku ya nane ilimkuta ameketi, hana homa, tumbo laini. Alipoulizwa hali alijibu, "Njaa ninayo mwanangu, ila chakula hakishuki." Ikaandikwa kuendelea na tiba ileile. CRP ya siku hiyo ilichukuliwa asubuhi, na jibu la 210 lilirudi mchana baada ya raundi kupita.

Aliyebadilisha mwelekeo wa kisa alikuwa muuguzi wa zamu ya usiku. Asubuhi ya siku ya tisa, kabla ya kukabidhi zamu, alisubiri raundi ifike kitandani, akamwambia daktari bingwa: "Dokta, mzee ana kwikwi tangu jana jioni, na usiku kucha anashika bega la kushoto. Mapigo hayajashuka chini ya 104."

Kwikwi isiyoisha na maumivu ya bega la kushoto, kwa mtu aliyepasuliwa juu ya tumbo, maana yake kuna kitu kinakigusa kwa chini kiwambo cha moyo, msuli unaotenga kifua na tumbo. Mapigo yamepanda, CRP imeshuka kisha ikapanda tena, na dreni ya upande huohuo ilitolewa siku nne kabla. CT yenye dawa ya kunywa ilifanyika mchana. Kulikuwa na mkusanyiko wa majimaji wa sentimita 7 kwa 5 nyuma ya mfuko wa chakula, upande wa kushoto. Dawa ilipita kwenye maungio, polepole lakini ilipita. Kwa hiyo hakukuwa na kizuizi, wala utumbo haukuwa umejikunja.

Maamuzi ya siku ya tisa na ya kumi

La kwanza lilikuwa kuutoa ule mkusanyiko. Mtaalamu wa picha aliingiza dreni kwa sindano akiongozwa na ultrasaundi. Zilitoka mililita 180 za majimaji ya kahawia yenye amilesi 9,400. Kurudi chumba cha upasuaji kulifikiriwa na kukataliwa: maungio yaliyovuja na kuvimba hayashoneki upya kwa urahisi, na mgonjwa alikuwa imara. Sasa ilikuwa fistula ya kongosho, yaani kuvuja kunakohitaji tiba, ya daraja B.

La pili lilikuwa antibayotiki. Nyongo iliyooteshwa tangu siku ya upasuaji ilikuwa imeshatoa jibu: bakteria aitwaye klebsiela, sugu kwa seftriaksoni, antibayotiki aliyokuwa akipewa. Dawa ilibadilishwa jioni hiyohiyo bila kusubiri usaha uoteshwe. Majimaji ya dreni baadaye yalitoa bakteria yuleyule.

La tatu, lishe. Alikuwa na siku tisa bila chakula cha maana, juu ya kilo alizokwisha kupoteza. Lishe ya mshipa ilipatikana kwa shida, ni ghali, na inaleta hatari ya maambukizi ya damu kwa mtu mwenye sukari ya kupanda na kushuka. Siku ya kumi mtaalamu wa endoskopi alipitisha mpira wa kulishia hadi ng'ambo ya maungio, kwa hewa kidogo sana na mkono mwepesi, kwa kuwa nyuzi zilikuwa na siku kumi tu. Alipewa thiamini kwanza, kisha lishe ya mililita 20 kwa saa. Kesho yake fosfati ilishuka hadi 0.5 mmol/L. Huu ndio mshtuko wa mwili uliokaa na njaa unapoanza kulishwa, na unaua usipotafutwa. Kasi haikuongezwa mpaka fosfati ilipopanda.

La nne, dawa ya kuusukuma mfuko. Metoklopramidi ilisimamishwa baada ya siku nne. Si dawa ya kuendelezwa zaidi ya siku tano. Baada ya ECG, kipimo cha umeme wa moyo, kuonyesha QT ya kawaida, alianzishiwa erithromisini miligramu 200 kwa mshipa kila saa sita. Ondansetroni, dawa ya kuzuia kutapika, ilifutwa kwenye chati kwa kuwa hiyo na erithromisini zote mbili hurefusha QT.

La tano halikuwa la kitabibu tu. Muuguzi aligundua kwamba ndugu walikuwa wakimnywesha supu usiku, kwa huruma, na vipimo vya kinachotoka kwenye mpira vilikuwa havisomeki. Daktari alimwita mke na mtoto wa kwanza, akawasalimu, akawaketisha. Mama alisema kilichokuwa kikimkaa moyoni: "Huku kwetu mtu akikataa chakula, ndiyo anaaga." Alionyeshwa picha ya CT, akaelezwa kwamba mume wake hajakataa chakula, njia ndiyo imevimba, na kwamba lishe ile nyeupe inayopita puani ni chakula kamili. Akakabidhiwa karatasi ya kuandika kila kinachoingia na kinachotoka. Kuanzia usiku ule hakuna supu iliyoingia.

Matokeo

Mpira wa kutolea majimaji ulitoa mililita 900 siku ya 11, 500 siku ya 12, na chini ya 200 siku ya 14, ukaondolewa. Siku ya 12 kopo la lishe liliisha na mtu akapitisha uji mwembamba. Mpira wa kulishia ukaziba, ukazibuliwa kwa maji ya uvuguvugu baada ya kazi ndefu. Erithromisini ilisimamishwa baada ya siku tano. Siku ya 17 alikula ugali laini na samaki bila kutapika. Kwa vigezo, hili lilikuwa daraja B.

Dreni ilitoka siku ya 22 na aliruhusiwa siku ya 24, akiwa na kilo 56, insulini, na vimeng'enya vya kongosho vya kumeza pamoja na kila mlo. Majibu ya nyama yalionyesha saratani, kingo safi, tezi moja ya limfu ikiwa na ugonjwa. Tiba ya kemikali iliyokusudiwa kuanza mapema ilianza wiki ya tisa, kwa sababu mwili haukuwa tayari. Baada ya miezi mitatu alikuwa amefika kilo 61.

Uchambuzi: mfuko uligoma kwa nini?

Sababu za mfuko kuchelewa kumwaga baada ya Whipple zipo za aina mbili, na kuzichanganya ndiko kunakopoteza siku.

Ya kwanza inatokana na upasuaji wenyewe. Mawimbi ya kuusafisha mfuko wa chakula huchochewa na homoni iitwayo motilini, inayotengenezwa zaidi kwenye duodeni, na duodeni imetolewa. Matawi ya neva na mishipa midogo ya damu kwenye pailori hujeruhiwa. Kisukari cha miaka mingi huenda kilikwisha kuzidhoofisha neva hizo kabla. Hapa ndipo erithromisini inapofanya kazi, kwa sababu hujishikiza kwenye vipokezi vya motilini. Jaribio la Johns Hopkins la mwaka 1993 lilionyesha tatizo likishuka kutoka asilimia 30 hadi 19 kwa waliopewa dawa hiyo. Nguvu yake hupungua baada ya siku chache, hivyo haifai kuendelezwa kwa wiki nyingi.

Ya pili inatokana na kitu kingine ndani ya tumbo: kongosho linalovuja, majimaji yaliyokusanyika, usaha. Mfuko wa chakula unaolala juu ya majimaji yenye vimeng'enya hupooza, hata kama maungio yake yako wazi kabisa. Katika tafiti moja baada ya nyingine, fistula na mkusanyiko wa tumboni ndivyo vinavyofungamana zaidi na daraja B na C. Kwa hiyo mfuko ukigoma baada ya mgonjwa kuwa ameanza kula vizuri, au ukiendelea kugoma baada ya potasiamu na sukari kurekebishwa, CT inapaswa kuombwa siku hiyo. Homa isisubiriwe. Baada ya upasuaji mzee huyu hakuwahi kuvuka nyuzi 37.4.

Watu wengi hubishana zaidi juu ya namna ya kuunganisha. Mwaka 2011 jaribio la Japani lilipata asilimia 4.5 ya tatizo hili kwa waliokatwa pailori na 17.2 kwa waliobakiziwa. Jaribio la Heidelberg la mwaka 2018 halikupata tofauti ya maana. Kuhusu kupitisha maungio mbele au nyuma ya utumbo mpana, jaribio la Uholanzi la mwaka 2014 lenye wagonjwa 246 lilikuta njia zote mbili zinalingana. Sioni sababu ya kuilaumu pailori ya mgonjwa huyu. Baada ya mililita 180 kutolewa nyuma ya mfuko, kilichotoka kwenye mpira kilipungua kwa karibu nusu ndani ya siku mbili, pailori ikiwa palepale. Erithromisini ilianza karibu wakati huohuo na lazima ipewe sehemu yake, ila dawa peke yake, juu ya ule mkusanyiko, nisingeitegemea.

Kilichofaa na kilichokwama

Kuotesha nyongo siku ya upasuaji kulikuwa na faida kubwa kuliko gharama yake. Kwa mgonjwa yeyote mwenye stenti, na hasa aliyewahi kupata homa, kipimo hicho kifanyike kila mara. Kutoboa badala ya kupasua tena kulimwepusha mgonjwa na hatari kubwa. Na muuguzi kusubiri raundi badala ya kuandika tu kwenye kitabu cha makabidhiano kulileta CT mapema. Wodi ile ina desturi ya daktari bingwa kumuuliza muuguzi kwanza kabla ya kugusa faili, na desturi hiyo ndiyo iliyompa nafasi.

Kuondoa dreni ya kushoto siku ya tano kulikuwa na hoja zake: ilitoa kidogo na amilesi yake ilikuwa ya chini. Lakini dreni inayotoa kidogo inaweza kuwa imeziba au imesogea. Kwa mgonjwa wa pointi 8, ambaye dreni ya pili tayari inaonyesha kuvuja, ningetaka ultrasaundi ya kitandani kwanza.

CRP iliyorudi mchana ilikaa hadi kesho yake. Namba moja ya CRP baada ya Whipple haisemi mengi. Inayosema ni mwelekeo, na mwelekeo unaonekana tu pale namba zote zinapoandikwa mstari mmoja kwenye chati ya kitandani. Hapa ziliandikwa kurasa tatu tofauti.

Uamuzi wa kutoweka mpira wa kulishia mezani ndio mgumu zaidi kuuhukumu. Mwongozo ni mzuri kwa wagonjwa kwa jumla: wengi hula wenyewe ndani ya wiki, na mpira usiohitajika husumbua. Ila huyu alikuwa amepoteza zaidi ya asilimia 15 ya uzito, ana kisukari, kongosho laini na mrija wa milimita 2. Mbele ya mgonjwa wa namna hiyo, mpira unaopitishwa kwa mkono wa mpasuaji tumbo likiwa wazi ni salama kuliko endoskopi juu ya nyuzi za siku kumi, na lishe ingeanza siku ya pili badala ya ya kumi. Kilo sita alizopoteza ndizo zilizoichelewesha tiba ya saratani. Tangu kisa hiki, wodi ile imeweka mstari mmoja mwishoni mwa kila ripoti ya Whipple: pointi za hatari ya kuvuja, uzito uliopotea, kisukari kipo au hakipo, na kama mpira wa kulishia umewekwa, usipowekwa, sababu iandikwe.